Supavaiza wa kemia: mmoja h-indeksi 34, mwingine 9. Nimfuate nani?

BintiPongwe ameandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za saa hizi.

Naombeni msaada wa kusoma namba za watu wawili mana nimezitazama mpaka nimechoka na bado sielewi zinaniambia nini. Nipo Tanga, nafanya kazi maabara ya kiwanda upande wa ubora, digrii yangu ni ya kemia, na mwaka huu nataka nianze mastazi ya utafiti, ile ya tesisi. Ninachotaka kukisoma ni yale maji yanayotoka kwenye korona, ile mashine ya kukwangua mkonge. Waliokulia huku wanayajua, singa zenyewe, yaani nyuzi, ni kama asilimia 4 tu ya jani, yote yaliyobaki ni makapi na yale maji ya kijani yanayowasha mikono, na sehemu nyingi yanamwagwa tu. Nataka nijue ndani yake mna molekuli gani na zinaweza kutolewa vipi kwa vifaa ambavyo huku kwetu tunaweza kuvipata.

Nimeandikia watu kadhaa, wawili wamenijibu vizuri na wote wamekubali kunisimamia.

Profesa A: Google Scholar inaonyesha saitesheni (mara ambazo pepa zake zimetajwa na watafiti wengine) zaidi ya 5,000, h-indeksi 34, pepa 190 na kitu. Kazi yake ni kusafisha maji, anatengeneza vitu vya kunyonya floraidi na metali nzito. Kaniambia mkonge wangu unaingia vizuri tu, tutachoma makapi tupate mkaa wa kuchujia maji.

Dokta B: pepa 22, saitesheni 270 hivi, h-indeksi 9. Yeye ni kemia ya mimea moja kwa moja, anakamua, anatenganisha, anatambua molekuli.

Mjomba wangu ndo atanishika mkono kwenye ada, yeye anasema 34 na 9 hata mtoto wa darasa la pili anajua ipi kubwa. Rafiki yangu aliyesoma kabla yangu anasema namba zote hizo zinanunuliwa nisizitazame kabisa. Mimi moyo wangu haujakubali hata mmoja kati ya hayo mawili. Mtu hawezi kuandika pepa 190 halafu iwe si kitu, na pia mtu mwenye 22 hawezi kuwa hafai kwasababu tu ya 22.

Kwahiyo naomba anayejua aniambie hii h-indeksi inahesabiwaje, na mtu wa hali yangu afungue wapi aangalie nini ili ajue huyu atanifundisha kazi au la. Mwisho wa mwezi natakiwa niwe nimejibu wote.


Ngamiani_B8 ameandika:

Dada fuata A. Ukimaliza ukaomba PhD nje wanaangalia nani kakusainia barua, jina kubwa linafungua mlango. Mambo ya kupenda topiki utayafanya mbele ya safari. Mjomba wako yupo sahihi


Mzee_wa_Bureti ameandika:

Marahaba mwanangu.

Nimefundisha kemia miaka mingi na nimekaa kwenye vikao vya kupandisha watu vyeo, pale karatasi ya kwanza kuwekwa mezani ni hizo hizo namba, kwahiyo nina maneno mengi kidogo, nivumilie.

H-indeksi aliileta Jorge Hirsch mwaka 2005, ni mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua pepa zote za mtu, zipange kuanzia iliyotajwa na wenzake mara nyingi kushuka chini. Sasa hesabu ukishuka: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mahali pa mwisho ambapo namba ya pepa haijaizidi idadi ya kutajwa kwake, hapo ndo h yake. Mfano mtu ana pepa 5 zilizotajwa mara 40, 12, 6, 4 na 1. Pepa ya 4 imetajwa mara 4, sawa. Ya 5 imetajwa mara 1, haijafika. H yake ni 4. Angalia hapo kwamba ile iliyotajwa mara 40 ingetajwa hata mara 4,000 h ingebaki 4 ile ile. Na mtu mwenye pepa moja tu iliyobadilisha dunia h yake ni 1.

Jambo la pili, h haishuki. Mtu akistaafu leo akaenda kuvua samaki Mwambani, h yake itaendelea kupanda miaka mingi tu mana pepa zake za zamani zinaendelea kutajwa. Ndo maana Hirsch mwenyewe kwenye andiko lile lile la 2005 alishauri ugawe h kwa miaka tangu mtu atoe pepa ya kwanza, na kwa wanafizikia akasema ikitoka kama 1 basi huyo ni mtafiti aliyefanikiwa. Na mwaka 2020 huyo huyo Hirsch aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kupotosha vibaya kikitumiwa kibubusa. Kwahiyo kabla hujasema 34 ni kubwa kuliko 9, nenda katafute mwaka wa pepa ya kwanza ya kila mmoja, wala si kazi, panga orodha kwa mwaka ushuke mpaka chini.

La tatu, na hili ndo vijana wengi hawalijui, saitesheni inapima kutumika. Pepa iliyotajwa kuliko zote duniani ni ya kina Oliver Lowry ya mwaka 1951, imepita mara 300,000, na inaeleza nini? Namna ya kupima protini kwa kitendanishi cha Folin, unaweka, inageuka bluu, unasoma kwenye mashine. Basi. Kila aliyepima protini duniani ilibidi amtaje Lowry. Ni kazi safi na ina faida kubwa sana, lakini hakuna mtu atakayesimama aseme ndo uvumbuzi mkubwa kuliko wote wa kemia kwa sababu ya ile laki tatu.

Sasa rudi kwa watu wako. Huyu A yupo kwenye floraidi na metali nzito kwenye maji. Hilo ni eneo ambalo dunia nzima inaandika, China, India, Iran, kila wiki kuna mtu katengeneza mkaa wa ganda la kitu fulani na lazima ataje waliotangulia. Na kwetu lina maana kubwa, watu wa Arusha na Singida wanaokunywa maji yenye floraidi juu ya ile miligramu 1.5 kwa lita ya WHO meno yanaharibika na mifupa inapinda, kwahiyo mimi kazi ya A naiheshimu kabisa. Huyu B akitoa molekuli mpya kwenye mti wa Usambara, watakaomtaja ni wale wachache wanaofanya jenasi hiyo hiyo ya mti. Wanaweza wasifike ishirini dunia nzima na pepa ikawa nzuri sana. Namba za hawa wawili zimetoka kwenye masoko tofauti.

Kwahiyo fanya hivi. Fungua pepa 5 za juu za kila mmoja. Usisome zote, soma abstrakti, ule muhtasari wa mwanzo, halafu bonyeza ile idadi ya saitesheni chini ya pepa, itakuletea walioitaja. Fungua wawili watatu kati yao uone wameitaja kwa nini. Wametumia njia yake? Wamebishana naye? Au wamemtaja tu kwenye mstari wa kwanza wa utangulizi pamoja na wengine kumi, "floraidi ni tatizo duniani"? Hapo utapata picha ambayo h haikupi. Ukimaliza rudi hapa utuambie.


MamaMaabara_Bwagamoyo ameandika:

Mwalimu wetu kasema vizuri, mi naongezea upande wa majina mana huko ndo kuna mambo.

Mdogo wangu, kwenye kemia jina la kwanza kwenye pepa kwa kawaida ni la aliyeshika kazi maabara, mara nyingi mwanafunzi. Jina la mwisho, lenye kinyota, ni la mwenye maabara, aliyetafuta hela na wazo. Wa katikati ni waliosaidia, kuna aliyeendesha mashine, aliyeleta sampuli, na kusema ukweli kuna na aliyewekwa kwa heshima tu. Saitesheni zinagawiwa kwa wote sawasawa. Pepa ikitajwa mara 900 basi wa kwanza anapata 900, wa 25 naye 900.

Mi nipo Bagamoyo, kwenye mambo ya majaribio ya chanjo hiyo naijua vizuri. Ile chanjo ya malaria ya RTS,S awamu ya tatu ilikua na watoto 15,459, vituo 11 nchi 7, Bagamoyo hapa tulikuwemo na huko kwenu Korogwe nao walikuwemo. Kazi kama ile haiwezi kuandikwa na watu watatu, kuna madaktari, manesi, watu wa maabara, watu wa takwimu, na wote wamefanya kazi ya kweli na wanastahili majina yao yawepo. Lakini sasa mtu akija kuniambia nimtazame kwa saitesheni za pepa moja ya namna hiyo ntamuuliza kwanza, wewe ulifanya nini humo ndani.

Kwahiyo kwa A na B mi ningeangalia kitu kimoja tu kabla ya vyote: MAJINA YA WANAFUNZI. Chukua pepa za miaka mitano ya karibuni ambazo supavaiza ni wa mwisho. Nani wa kwanza? Ni mwanafunzi wake wa hapa nchini? Huyo mwanafunzi ana pepa ngapi? Halafu lichukue jina la huyo mwanafunzi ulitafute peke yake, yupo wapi sasa hivi, bado anaandika au alitoa moja akapotea? Supavaiza mwenye wanafunzi wanaoendelea kuandika baada ya kumuacha huyo amefundisha. Mwenye pepa 190 ambazo wanafunzi wake wamo katikati katikati tu, hao walikua mikono yake.

Na utafute waliomaliza uwaandikie. Waulize kwa upole tu, tesisi yako ilirudi kwako baada ya muda gani ukimpa aisome. Hilo swali linasema mengi kuliko h-indeksi, mi nimeona watu wanakaa na chapta moja mwaka mzima haijasomwa huku ada inakimbia.


BintiPongwe ameandika:

Asanteni sana jamani, mwalimu shikamoo tena, dada wa Bagamoyo Mungu akubariki. Nimekesha na simu lakini nimepata vitu.

Kwanza miaka. A pepa yake ya kwanza ni 1994, B ni 2015. Nimegawa kama mwalimu alivosema na wote wawili wanaangukia karibu na 1! Nimemtumia mjomba skrini shoti amekaa kimya kwanza halafu kanipigia kuuliza sasa hiyo mbona haiandikwi pale juu.

Pili pepa ya A iliyotajwa kuliko zote ni ya mambo ya afya ya dunia nzima, majina yamejaa ukurasa na zaidi, yeye yupo katikati huko. Ya pili kwa kutajwa ni ya mapitio, ile ya kukusanya kazi za wenzao wote kuhusu kunyonya floraidi. Ya tatu ndo kazi ya maabara yake mwenyewe, ya 2009, na wanafunzi wake wawili ndo wa mwanzo, na waliomtaja nimefungua kadhaa wanatumia kweli njia yake, wanalinganisha majibu yao na ya kwake kwenye jedwali. Hiyo imenifurahisha.

Tatu kuna kitu sikielewi. Kwenye profaili ya A kuna pepa za upasuaji wa moyo. Kama nane hivi. Na moja ya ngamia. Sasa huyu profesa anafanya na upasuaji?

Majina ya wanafunzi: miaka ya 2000 mpaka 2012 hivi wanafunzi wa A wapo mwanzo, wengi. Miaka ya karibuni wa kwanza wengi ni watu wa vyuo vya nje na yeye yupo katikati, wanafunzi wa hapa siwaoni sana. B kwenye pepa zake 22, pepa 13 wa kwanza ni mwanafunzi, na nimewatafuta, wawili wanafanya PhD nje na wanaendelea kuandika, mmoja yupo hapa nchini anafundisha.

Lakini na B ana pepa mbili kwenye jarida moja ambalo nikilifungua linasema wanachapisha ndani ya siku tatu ukilipa. Hapo moyo umeshtuka.


Mkutubi_Chumbageni ameandika:

Ngoja nijibu hili la upasuaji wa moyo mana ndo kazi yangu ya kila siku maktabani.

Hafanyi upasuaji. Google Scholar inakusanya yenyewe kwa jina na herufi za kwanza. Sasa sisi majina yetu ya pwani unayajua, mtu anaitwa kwa jina lake, la baba na la babu, kwenye pepa linaandikwa la mwisho na herufi mbili, basi M. A. Hassan wa Tanga, wa Cairo na wa Karachi wote mfumo unawaona mtu mmoja. Mwenye profaili inabidi aingie mwenyewe azifute zile zisizo zake na wengi hawaingii, wala si lazima iwe kwa nia mbaya, mtu ana miaka 60 yupo kwenye kazi yake hajui hata kama ngamia kaingia. Ila ujue zile nane zinaweza kuwa zimepandisha h. Dawa yake ni ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti anajiandikisha bure, ipo tangu 2012. Wewe mwenyewe ukianza tu mastazi jiandikishe, na uchague leo jina lako utaliandikaje, usilibadilishe tena mpaka unastaafu. Dada zetu wengi wanaanza na jina la baba, wakiolewa wanaandika la mume, kazi zao zinagawanyika kama za watu wawili.

Halafu linganisha na Scopus, hifadhidata nyingine ya pepa na saitesheni. Kule kuangalia profaili ya mwandishi ni bure hata kama huna usajili. Scopus wanachagua majarida ya kuingiza, Google Scholar inameza kila kitu, tesisi, ripoti, maandiko ya konferensi, kwahiyo Google siku zote inakua juu. Usishtuke namba ikishuka. Na mwenye usajili, Scopus inamruhusu kuondoa zile ambazo mtu kajitaja mwenyewe.

Lakini na Scopus usiifanye msahafu. Majarida mengi ya Afrika hayamo. Pepa nzuri ya mimea yetu inaweza kuwa kwenye Tanzania Journal of Science ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, na ikatajwa kidogo kwasababu watu wa nje hawaifikii kirahisi. Ndo maana 1998 ikaanzishwa AJOL, wanakusanya majarida ya Afrika mtandaoni, pita na huko umtafute B, unaweza kukuta vitu ambavyo havimo kwenye zile 22.

Sasa la siku tatu. Hilo ni jarida la kukwepa. Pepa ya kweli inasomwa na wataalamu wawili watatu, wanairudisha, unajibu, unarudisha, miezi inaenda. Zamani kulikua na orodha ya mkutubi mwenzetu wa Denver, Marekani, Jeffrey Beall, ya majarida ya namna hiyo, aliitoa hewani mwanzoni mwa 2017. Kwa B angalia hizo mbili ni za mwaka gani na nani wa kwanza. Kama ni za mwanzo wa kazi yake na hakurudia tena, mi nisingemhukumu, vijana wengi walibanwa waonyeshe pepa kabla ya kupanda cheo wakaangukia humo bila kujua. Kama ni za mwaka jana, hapo muulize.

Na wote wawili uwapitishe kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, tangu 2023 ipo wazi kupitia Crossref, unaona kama kuna pepa yao iliyofutwa. Ukishindwa njoo Maktaba ya Mkoa tutakaa tuangalie pamoja.


Ngamiani_B8 ameandika:

Sawa nimesoma yote na nimejifunza, ila bado nina hoja na naomba mnijibu bila kunikasirikia. B ana hela? Mana kemia ya mimea inahitaji solventi, silika, safu za kutenganishia, na mwisho lazima molekuli ipite NMR, ile mashine ya kuonyesha muundo wake. Mdogo wangu wa kuzaliwa alisoma chini ya dokta mzuri sana, mpole, anasoma chapta kwa wiki, lakini sampuli zilikaa kwenye friji zikisubiri mashine mpaka skolashipu ikaisha. A mwenye ushirikiano na vyuo vya nje akituma sampuli inarudi. Hizo pepa ambazo yeye yupo katikati na wazungu ndo mlango wenyewe. Uzuri wa mtu haujibu swali la mashine


Mzee_wa_Bureti ameandika:

Ngamiani hakuna wa kukukasirikia, hoja yako ni nzito kuliko nyingi zilizotolewa humu na mtu asiipuuze.

Ila kuna jambo la kemia halijasemwa bado na mimi kwangu ndo kubwa. Binti, wewe umesema unataka kujua ndani ya maji ya korona mna molekuli gani. Profesa A kakwambia mtachoma makapi mpate mkaa. Ukishachoma, zile molekuli ulizotaka kuzijua umeziunguza zote. Ni mradi halali na unaweza kusaidia watu wanywe maji salama, lakini ni swali lingine kabisa, na tena atachukua makapi makavu, yale maji yako yataendelea kumwagwa. Hapo hata h ingekua 90 isingebadilisha kitu.

Na swali lako wewe lina historia ndefu, usidhani umeokota barabarani. Ndani ya mkonge mna hekojenini, ni steroidi ya mmea. Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley walitoa pepa fupi kabisa, kurasa mbili, kuonyesha mkonge ni chanzo cha hekojenini, na kutoka hapo wenye viwanda vya dawa wakapata njia ya kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Huyo Cornforth ndo yule aliyekuja kupata Nobeli ya kemia mwaka 1975, kwa kazi nyingine. Kurasa mbili zile ukiziweka kwenye mizani ya saitesheni hazitaikaribia hata kidogo ya Lowry ya mwaka huo huo mmoja. Lakini nani anaweza kusema hazikua na uzito, na mkonge tulikua nao sisi, umepandwa huku tangu Hindorf alipouleta 1893.

Nikupe na wa pili. Tu Youyou, mama wa Kichina aliyetoa atemisinini kwenye mmea, dawa ambayo leo mtoto akiugua malaria Muheza ndo anapewa aina yake. Pepa ya kwanza ya muundo wa molekuli ile ilitoka 1977 kwa Kichina na haikua na jina la mtu hata mmoja, iliandikwa kwa jina la kundi. Nobeli ya tiba kapata 2015, na hakua na PhD. Ungefungua profaili yake wakati ule usingekuta kitu.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba namba zitupwe. Nyinyi mmeziona wenyewe zimefanya kazi: bila orodha ya A tusingejua kwamba miaka ya 2000 alikua anakuza wanafunzi na sasa kidogo amekua mtu wa ushirikiano wa mbali, pengine ana majukumu ya utawala, umri nao umeenda. Bila orodha ya B tusingejua wanafunzi wake wanaendelea. Orodha ndo yenye habari. Ile namba moja ya juu ni kifuniko cha sufuria, wali upo chini yake.

Hoja ya mashine Ngamiani, inajibika na orodha hiyo hiyo. Binti, fungua pepa za B, nenda sehemu ya mbinu, wameandika NMR ya megahezi ngapi na imeendeshwa wapi. Halafu shuka mwisho kwenye shukrani, wanaandika mashine ya nani na hela ya nani. Pale hawadanganyi mana mfadhili anasoma. Ukiona miaka mitatu minne mfululizo chuo kile kile kinapimia sampuli zake, huo ni mlango upo wazi. Ukiona kila pepa mahali tofauti, anaombaomba, na sampuli zako zitakaa kwenye friji kama za mdogo wake Ngamiani.


BintiPongwe ameandika:

Mwalimu nimefungua sasa hivi, sikuweza kusubiri.

Pepa za B tangu 2018 shukrani ni kwa maabara ile ile moja ya Ujerumani, isipokua mbili. Na mfadhili mmoja anajirudia mara tatu. Hizo mbili za jarida la siku tatu ni za 2016, yeye ndo wa kwanza, baada ya hapo hakuna tena. Scopus A kashuka mpaka 25, B 7. Retraction Watch wote hawamo.

La hekojenini nilikua nalijua juu juu tu, sikujua ya 1951 wala jina la Cornforth. Kesho nikitoka zamu nakuja maktaba kuitafuta.

Nimeshaamua kumuandikia B kwanza. Mjomba nimemweleza ya kuchoma molekuli, hiyo ndo imemuingia kuliko mambo ya kugawa, amesema basi fuata kilichokupeleka. A naye nataka nimuandikie kwa adabu, sitaki nimkatae halafu nimpoteze. Inawezekana akawa supavaiza wa pili? Au ni kumkosea heshima?


MamaMaabara_Bwagamoyo ameandika:

Haiwezi kuwa kosa, inafanyika sana, ila mwambie B kwanza kabla hujamgusa A, wasije wakaambiana wao kabla yako. Ukishapata ruhusa ya B muandikie A umshukuru, mtajie ile pepa yake ya 2009 kwa jina na umwambie umeisoma na nini kimekuvutia humo, mwambie tesisi yako itakua ya molekuli za kwenye maji ya mkonge, na umuombe awe wa pili kwa upande wa makapi yatakayobaki baada ya kukamua. Makapi hayo yeye anayahitaji na wewe utakua umeshamaliza nayo.

Na kwa B usisahau kuuliza mapema mambo matatu, yajibiwe kwa maandishi: solventi analipa nani, sampuli zinaenda Ujerumani mara ngapi kwa mwaka, na pepa ya kwanza ya tesisi yako jina la mwanzo ni la nani.


Mkutubi_Chumbageni ameandika:

Kesho tunafungua saa tatu. Ile ya 1951 ilitoka kwenye Chemistry and Industry, sisi hatuna nakala lakini ntakusaidia kuiagiza kupitia chuo. Njoo na majina yako matatu kamili tukufungulie na ORCID hapo hapo.